Nimeacha dawa za presha, sasa imerudi juu na dokta anataka kunipima figo. Figo zimeingiaje hapa?

Dokta habari za kazi. Naomba unisaidie mana nimechanganyikiwa, kila mtu ananiambia lake. Mi ni dereva wa lori, nina miaka 43, napiga ruti ya Dar mpaka Tunduma, mara nyingine navuka naingia Zambia. Mwaka jana kazini walitupima afya wakakuta presha yangu 168/104, nikaambiwa nirudi siku nyingine ikawa ileile, ndo nikaanzishiwa dawa mbili, losatani na ile ya kukojoa, haidroklorothiazaidi, zote asubuhi. Hapo sikuwa naumwa chochote, sio kichwa, sio kizunguzungu, na hata leo siumwi.

Sasa hiyo ya kukojoa ndo ilinishinda. Ukishaingia mbuga ya Mikumi huwezi kusimama ovyo ukashuka, na Kitonga ndo kabisa, gari limepakia, unapanda taratibu na nyuma yako kuna foleni. Nikaanza kutokunywa maji mpaka tufike Iringa, bado shida, wiki ya pili nikaona isiwe tabu nikaziacha zote. Siku chache baadaye nikapima duka la dawa pale Makambako ikasoma 138/88, nikasema basi nimepona. Na kuna shemeji yangu alikula dawa za presha miaka mingi, mwisho wake figo zikafa, sa hivi anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, wife anasema ni zile dawa ndo zilimmaliza.

Juzi nimepima tena, 172/108. Nikaenda hospitali, dokta hata hakuniuliza sana, kaandika nikatoe damu na mkojo waangalie figo. Mimi naumwa presha, figo zimeingiaje? Au wameshaona zimeharibika wananificha? Na nikirudia dawa si yatanikuta ya shemeji? Kuna mtu kaniambia nitumie kitunguu swaumu na mlonge inatosha. Ugonjwa mwingine sina zaidi ya mgongo, huo natulizia na diklofenaki jioni nikishapaki gari, karibu kila siku.

Dereva wa masafa, Dar

Kaka, salama, na pole na barabara.

Hakuna anayekuficha kitu. Dokta kakuandikia vipimo vya figo kwa sababu figo ndo zinaamua presha yako itakaa wapi mwezi hadi mwezi na mwaka hadi mwaka, na kwa bahati mbaya ndo hizohizo zinazoumia presha ikikaa juu. Nitakueleza kwa kirefu kidogo mana naona umeacha dawa kwa kukosa maelezo, na mtu akiandikiwa vidonge vya kumeza miaka yote ana haki ya kujua vinaenda kufanya nini mwilini.

Presha ina mambo ya haraka na ina mambo ya taratibu. Ya haraka unayajua, basi limekuchomekea kwenye kona, moyo unaenda mbio, presha inaruka palepale. Hiyo ni kazi ya neva, kuna vihisio kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na hapo juu ya moyo vinavyoripoti kwenye ubongo kila sekunde, na ubongo unaamrisha mishipa ibane au ilegee, moyo uongeze au upunguze. Hatari ikipita inatulia. Ndo maana sikubaliani kabisa na ile kauli ya mtaani kwamba presha ni mawazo tu, ukiacha kuwaza umepona. Hasira na hofu zinapandisha presha kwa dakika au masaa, ila presha iliyokaa 168 tangu mwaka jana, umelala, umeamka, uko likizo, hiyo ina mtu anayeishikilia.

Anayeishikilia ni figo, kupitia chumvi na maji. Figo zako mbili zinachuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kwa siku moja, halafu zinarudisha karibu zote mwilini na wewe unakojoa lita moja na nusu hivi. Piga hesabu hapo, zikirudisha kidogo tu zaidi ya inavyotakiwa, kila siku, ujazo kwenye mishipa unaongezeka. Kwa mtu mzima wa afya presha ikipanda figo zinamwaga chumvi na maji zaidi, ujazo unapungua, presha inarudi chini, ikishuka sana zinafanya kinyume. Sasa wewe umekaa na 168 na figo zako hazikumwaga ziada, maana yake zimeshaizoea, zinahitaji presha hiyo kubwa ili zitoe chumvi ileile ambayo mwenzako anaitoa akiwa na 120.

We dereva hili utalielewa kuliko wagonjwa wangu wengine. Kwenye lori lako kuna mitungi ya upepo wa breki, kompresa inajaza, na kuna ile gavana inayoamua upepo ufike wapi ndo kompresa iache. Ukifungua koki ukatoa upepo, geji inashuka, unafurahi, ila ukiwasha gari baada ya muda imerudi palepale ilipowekwa gavana. Figo ndo gavana yako, na imepanda. Dawa za presha zilizo nyingi zinaenda kuishusha hiyo gavana, zinafanya hivyo kila siku unapozimeza, na ukiacha inarudi ilipokuwa.

Hili sio la kubuni. Mmarekani mmoja, Arthur Guyton, mtaalamu wa fiziolojia kule Mississippi, alitumia miaka mingi kuonesha kwamba presha ya muda mrefu haiwezi kubaki juu bila figo kukubali. Na mwaka 1983 Marekani ikachapishwa ripoti ya wagonjwa 6 ambao presha ilikuwa imeziua figo zao, wakatolewa figo zao wakapandikizwa za watu ambao hawakuwa na presha. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka minne na nusu, presha zao zikawa za kawaida bila dawa. Mwili ni uleule, moyo uleule, kilichobadilika ni figo.

Sasa homoni, mana dawa yako ya losatani inafanya kazi hapo. Pale damu inapoingia kwenye kila kichujio cha figo, na kila figo ina vichujio kama milioni moja, kuna vichembe vinavyopima presha. Vikiona damu inakuja kinyonge au chumvi ni kidogo vinamwaga kitu kinaitwa renini. Iligunduliwa zamani sana, mwaka 1898 kule Stockholm, Tigerstedt na Bergman walisaga figo za sungura, wakachoma majimaji yake kwenye sungura wengine, presha ikapanda. Renini yenyewe haibani mshipa, inakata protini fulani iliyotengenezwa na ini, kile kipande kinapita kwenye mapafu kinakatwa tena, kinatoka anjiotensini ya pili, na huyu ndo bosi. Anabana mishipa mwili mzima, anaiambia figo irudishe chumvi, anakutia kiu, halafu anaziamsha tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zitoe homoni nyingine, aldosteroni. Aldosteroni haina papara, inafanya kazi kwa masaa na siku, inazuia chumvi isitoke na mkojo na badala yake inatoa potasiamu, madini mengine ya mwilini. Na moyo nao una homoni yake ya kujitetea, ukijaa ukatanuka unaituma kuiambia figo imwage chumvi, hiyo ilijulikana mwaka 1981 baada ya kazi ya de Bold kule Kanada, ila kwa mtu mwenye presha ya siku nyingi huwa haifui dafu.

Mfumo huu wote ni mzuri, umeokoa watu wengi, mtu akiharisha sana au akitoka damu nyingi ndo unaomshika asizimike. Shida ni pale unapobaki umewaka wakati hakuna dharura, au figo zinapokuwa zinang'ang'ania chumvi hata renini ikiwa chini, na hii ya pili kwa watu weusi inaonekana mara nyingi.

Turudi kwako. Ulisema ulipoacha dawa ilisoma 138/88 ukaona umepona. Hukupona kaka, ulikuta mabaki ya kazi ya dawa. Ile ya kukojoa ilishapunguza chumvi na ujazo, na figo zako hazirudishi vyote kwa siku moja, zinarudisha kidogo kidogo, wiki kadhaa zinapita unajiona mzima mpaka gavana inafika pale ilipokuwa. Tena naomba uniamini kwenye hili mana linaniuma, kule kukojoa sana ni kwa siku na wiki za mwanzo tu, mwili ukishapunguza ile ziada unapata usawa mpya, mkojo unarudi karibu na kawaida na dawa inaendelea kushusha presha. Wewe uliacha wiki ya pili, yaani ulibeba mateso yote ya mwanzo ukashuka kabla ya kufika kwenye raha. Ungeambiwa hili siku ya kwanza pale kliniki nadhani usingeacha.

Na lile la kutokunywa maji mpaka Iringa liache kabisa. Mwili ukikauka figo zinasoma kwamba kuna hatari, renini inapanda, na ubongo unatoa homoni nyingine ya kuzuia mkojo. Unakuwa unawasha mfumo uleule ambao losatani inajaribu kuuzima.

Ila kitu kilichonishtua zaidi kwenye barua yako umekiandika mwishoni kama vile si kitu. Diklofenaki karibu kila siku! Kaka hiyo kwa mtu mwenye presha ni sumu ya taratibu. Figo zina kemikali zao za kuweka wazi mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio, diklofenaki inazizuia, ibuprofeni nayo hivyohivyo. Damu inapungua kuingia, figo inashika chumvi na maji, presha inapanda, na dawa za presha zinapungua nguvu. Ukiichanganya na losatani na dawa ya kukojoa kwa pamoja, halafu mwili umekauka maji kama ulivyokuwa unajikausha barabarani, figo zinaweza kufeli ghafla ndani ya siku chache. Hiyo ndo dawa ya kuiogopa, na inauzwa kila kona bila swali. Kwa mgongo tumia parasetamo kwa muda mfupi kwa kipimo chake, rekebisha kiti, shuka utembee kila unapopumzika, na mwambie dokta uangaliwe mgongo wenyewe.

Kuhusu shemeji, mpe pole sana, na mwambie wife kwa upole. Presha ya juu inaumiza vile vichujio kimyakimya, vinakakamaa, vinakufa kimoja kimoja, na figo zinavyopungua ndo uwezo wa kutoa chumvi unapungua, presha inapanda zaidi, inaua vingine. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya figo bila kusikia lolote. Wengi wanagundulika presha wakati figo tayari zimeenda, wanaanzishiwa dawa, baada ya muda wanaingizwa kwenye kusafishwa damu, na ndugu wanachokumbuka ni kwamba alianza dawa halafu figo zikafa. Siwezi kusema ya shemeji yalikwendaje bila kuona cheti chake, lakini mpangilio huo nimeuona kwenye familia nyingi mno.

Kuna na kitu kingine kinachotia watu hofu. Ukianza losatani, kipimo cha kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayochujwa na figo, kinaweza kupanda kidogo, mtu akiona hivyo anasema si mnaona, dawa inaua figo. Hapana. Losatani inalegeza mshipa wa kutokea kwenye kichujio, msukumo ndani ya kichujio unapungua, kwa hiyo kinachuja pungufu kidogo lakini hakiumii. Kupanda kusikozidi asilimia 30 huwa tunakubali na kuendelea kufuatilia, kukizidi hapo tunasimama na kutafuta sababu. Na kwa wagonjwa wa kisukari ambao figo zilishaanza kuvujisha protini, ilionekana mwaka 2001 kwamba losatani inachelewesha figo kufeli. Kwa hiyo kapime, tena uombe kreatinini, potasiamu na protini kwenye mkojo, ili tujue umeanzia wapi, urudie wiki chache baada ya kuanza dawa.

Sasa kazi yako na hizo dawa. Usinunue dawa mwenyewe wala kurudia zile za zamani kabla ya majibu, ila nenda wiki hii hii, 172/108 sio ya kusubiri safari mbili tatu. Mwambie dokta wazi kwamba wewe ni dereva na kilichokushinda ni mkojo, wengi mnaona aibu kusema hili halafu mnaandikiwa kilekile. Kuna dawa kama amlodipini ambayo haina habari ya kukojoa, inalegeza mishipa. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kwa watu weusi mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha vizuri kuliko ule usio nayo. Inaweza kukuvimbisha miguu kwenye vifundo, hasa wewe unayekaa kitini siku nzima, ukiona hivyo sema, usiache kimyakimya. Na kama bado utahitaji ile ya kukojoa, mkojo wake mwingi unakuja masaa machache baada ya kumeza, kwa hiyo ongeeni muda wa kumeza uendane na ratiba yako, na uanze ukiwa na siku kadhaa za kupumzika nyumbani.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hapo ni pamoja na iliyoko kwenye mkate, supu na vile viungo vya vidonge vya kutia kwenye mchuzi. Chakula cha barabarani kinakumaliza kaka, chipsi inamwagiwa chumvi ikiwa ya moto, mishkaki ina chumvi, kachumbari ina chumvi, na bado kuna kichupa mezani. Kuna utafiti wa Kenya uliotoka mwaka 1990, walifuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini kando ya Ziwa Viktoria kwenda Nairobi, wakilinganishwa na waliobaki nyumbani. Presha za waliohama zilipanda mapema kabisa baada ya kufika mjini, na kwenye mikojo yao chumvi iliongezeka na potasiamu ikapungua. Damu ni ileile na ukoo uleule, kilichobadilika ni maisha na sahani. Kwa hiyo ukikaa mezani pale Ruaha Mbuyuni sema mapema wasikutilie chumvi kwenye chipsi, au chukua ndizi za kuchemsha na maharage na mboga za majani, hizo zina potasiamu inayosaidia figo kutoa chumvi. Ila subiri majibu kwanza kabla ya kujijaza potasiamu, na zile chumvi mbadala za dukani usiguse bila kumuuliza dokta, mana figo zikiwa dhaifu na uko kwenye losatani, potasiamu ikipanda sana inasimamisha moyo.

Kitunguu swaumu na mlonge kula kama chakula, sina ugomvi navyo. Kushusha 172 na kuiweka chini miaka yote havitaweza.

Nunua mashine ya kupimia ya mkononi, ya kuvaa juu ya kiwiko, mkanda ukutoshe mkono mana ukiwa mdogo inasoma juu kuliko ukweli. Pima asubuhi kabla ya dawa na chai, umeshakojoa, umekaa dakika 5 umeegemea, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, usiongee na utingo. Andika kila namba kwenye daftari la safari. Nyumbani tunataka ikae chini ya 135/85. Ukipata maumivu ya kifua, kichwa kikali kisicho cha kawaida, macho kufifia, mkono au mguu kufa ganzi au maneno kuvurugika, paki gari hapohapo upelekwe hospitali, usijaribu kumalizia kipande kilichobaki.

Na ikitokea uko kwenye dawa 3 unazimeza kweli kila siku na bado haishuki, au potasiamu yako ikasoma chini, mwambie dokta aangalie zile tezi za juu ya figo na mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Kuna watu tezi moja tu inatoa aldosteroni bila breki, wanahangaika na vidonge miaka na shida yao inatibika.

Kreatinini na potasiamu zikitoka niandikie namba zenyewe, usiniandikie "wamesema iko sawa", pamoja na vipimo vyako vya asubuhi vya wiki nzima na jina la kila dawa utakayopewa.